Mume wangu aliniachia neno moja la mtandaoni. Nimuuzie nani, kwa bei gani?

Ndugu mshauri, salamu.

Mimi ni mjane wa miaka 49, naishi Mwanza. Mwaka 2003 mimi na mume wangu tulifungua intaneti kafe ndogo yenye kompyuta sita. Mwaka huohuo akasajili domeini, yaani anwani ya tovuti, ya neno moja la Kiswahili linaloishia na .com. Neno lenyewe sitalitaja. Ni kitu kilichomo katika kila nyumba, lina herufi sita, na hata mtoto wa chekechea analijua. Nilimgombeza sana wakati ule kwamba anatupa dola hewani.

Kadi ya kulipia mtandaoni hatukuwa nayo, kwa hiyo mdogo wake aliyeko Leicester, Uingereza, ndiye aliyelipa kwa kadi yake. Miaka ya mwanzo tulimrudishia alipokuja likizo. Kafe tuliifunga 2011, watu walipoanza kuwa na intaneti kwenye simu. Mume wangu alifariki 2019. Shemeji ameendelea kulipia kila mwaka, nami kusema kweli nilikuwa nimeshasahau. Siku hizi ukilifungua hilo jina unakuta matangazo tu ya mambo nisiyoyaelewa.

Mwezi uliopita shemeji alipata barua pepe mbili. Ya kwanza ni ya mtu mwenye anwani ya Gmail, anatoa dola 1,500. Ya pili ni ya mtu anayejiita dalali, anasema ana mteja wa dola 60,000, ila mteja anataka cheti cha thamani, na cheti hicho tukilipie sisi dola 240 katika ofisi atakayotuelekeza. Mwanangu aliye chuo aliliweka jina kwenye mashine ya kukadiria bei huko mtandaoni ikasema dola 3,700. Akaniambia pia kwamba kuna kampuni changa Nairobi inatumia neno hilohilo, wameliongezea tu "app" mwishoni.

Shemeji anasema nusu ni yake kwa kuwa amelipa miaka yote, na kwamba usajili unaisha Machi na safari hii halipi mpaka tuelewane. Mama mkwe anasema kitu cha marehemu kisiuzwe. Na mimi nina binti anayedaiwa ada.

Thamani yake hasa ni kiasi gani? Nimuuzie nani? Na shemeji nimwambieje bila kuvunja undugu?

Mama N., Mwanza

*

Dada yangu Mama N.,

Pole kwa kuondokewa, hata kama miaka imepita. Na hongera kwa kulificha neno lako. Wengi wanaoniandikia hulitaja jina mstari wa kwanza, kisha baada ya wiki mbili wananiuliza kwa nini wanatafutwa na watu wasiowajua.

La haraka kwanza: zile dola 240 usizitoe. Hakuna mteja wa dola 60,000. Huyo "dalali" anakutajia bei ya kukunyima usingizi, halafu anasema kuna sharti dogo tu, cheti. Cheti kinatolewa na ofisi moja ambayo yeye anaiamini, na ofisi hiyo ni yeye mwenyewe kwa jina jingine. Ukilipa, utatumiwa cheti kizuri chenye muhuri, kisha mteja anapata dharura na hasikiki tena. Wewe umeshaona wapi mtu anayenunua kiwanja anamtuma mwenye kiwanja akamlipe mthamini? Anayetaka kununua ndiye anayekuja na mthamini wake. Ukipata pia barua inayodai kuna kampuni ya China inataka kusajili neno lako kwa .cn na una siku saba za kujibu, hiyo nayo ni ya ukoo huohuo. Ifute.

Sasa nikuulize swali ambalo wewe hukuniuliza, nalo ndilo linaloshika mengine yote: jina hilo ni la nani?

Domeini, ambayo vitabuni wanaiita kikoa, hainunuliwi ikawa yako moja kwa moja kama kabati. Unaisajili kwa muda, kuanzia mwaka mmoja hadi miaka 10 kwa mkupuo, na unalipia tena. Mwenye haki nayo ni yule aliyeandikwa kuwa mwenye usajili katika akaunti iliyoko kwa msajili, yaani kampuni mliyosajilia jina. Kadi iliyolipa inaonyesha nani amelipa bili, basi. Ukimnunulia jirani umeme wa LUKU miaka ishirini, nyumba haihamii kwako. Kwa hiyo hoja ya shemeji kwamba nusu ni yake kwa sababu ya kulipa haina miguu. Lakini usimkimbilie kumwambia hivyo, kwa sababu inawezekana sana kwamba siku ile ya 2003, akijaza fomu Leicester na kadi yake mkononi, alijiandika yeye. Barua za wanunuzi zinaingia kwake, si kwako. Hiyo ni dalili.

Zamani ungeweza kutazama taarifa hizi hadharani bila kumuuliza mtu. Tangu 2018, sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilipoanza kutumika, majina ya watu yamefichwa kwa sehemu kubwa. Utaona tarehe ya usajili, tarehe ya kuisha na jina la msajili, lakini mwenye usajili huenda usimwone. Mwombe shemeji aingie kwenye akaunti, apige picha ya ukurasa wenye jina la mwenye usajili, akutumie. Ombi dogo tu, na jibu lake litakuonyesha uko wapi.

Likiwa ni jina la marehemu, hiyo ni mali ya mirathi kama ilivyo pikipiki yake au salio lake la benki. Inahitaji msimamizi wa mirathi. Kama mlishafungua mirathi baada ya 2019, msimamizi yupo na hati ipo. Kama hamkufungua, mnaanza na kikao cha ukoo, muhtasari, cheti cha kifo, kisha mahakama, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo. Msajili wa nje atataka cheti cha kifo na hati ya usimamizi, na kwa kuwa hati za Mahakama ya Mwanzo ni za Kiswahili, andaa na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa na wakili. Mgawanyo unafuata kanuni zipi, hilo ni la mahakama na familia yenu, mimi sitaliingilia. Ninachokuambia ni kwamba ukiuza bila hati hiyo, mnunuzi makini atakukimbia, na asiye makini atakuletea kesi.

Likiwa ni jina la kafe, mtatafuta cheti cha jina la biashara na nani aliandikwa kuwa mmiliki. Likiwa ni jina la shemeji, basi kwa karatasi yeye ndiye mwenyewe, na silaha zako ni barua pepe za zamani, mabango ya kafe yenye anwani ile na kumbukumbu za kumrudishia fedha. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema, na hapakuwa na intaneti.

Na hiyo Machi? Hapo ndipo ningepatwa na jasho. Jina la .com likipita tarehe yake bila kulipiwa, kwa kawaida msajili anakupa siku kadhaa za kulipa kwa bei ileile, zisizozidi 45, wengine chache zaidi. Baada ya hapo zinakuja siku 30 ambazo unaweza kulikomboa kwa faini inayouma. Halafu siku 5 za kusubiri kufutwa. Siku linapofutwa, kuna kampuni ambazo kazi yao ni kudaka majina yanapoanguka, kwa programu zinazojaribu mara nyingi kila sekunde. Neno la herufi sita linalojulikana kila nyumba halitagusa chini. Tena wasajili wengi hawangoji hata lifutwe. Wanalipeleka mnadani mapema.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia nusu na robo, mtumie shemeji dola mia moja hivi, alipie miaka mitano leo. Bei ya jumla ambayo Verisign, wenye daftari kuu la .com, wanawatoza wasajili ilikuwa dola 10.26 kwa mwaka tangu Septemba 2024, na msajili anaongeza chake juu. Ni fedha ndogo. Mwambie kulipia hakuamui lolote kuhusu nani anapata nini, kunazuia tu nyote wawili kubaki na hadithi.

Tuje kwenye thamani.

Utasikia watu wakitaja Voice.com, iliyouzwa dola milioni 30 mwaka 2019. Ni kweli. Au Business.com, iliyonunuliwa kwa dola 150,000 mwaka 1997 na miaka miwili baadaye ikauzwa kwa milioni 7.5. Nayo ni kweli. Lakini tazama aliyelipa. Voice.com ilinunuliwa na Block.one, kampuni ya sarafu za kidijitali iliyokuwa na mabilioni mkononi na mtandao wa kijamii mpya ambao tayari ilikuwa imeutangazia dunia kwa jina la Voice. Muuzaji, MicroStrategy, alikuwa amelishikilia tangu miaka ya tisini na hakuwa na shida ya ada. Aliweza kusema hapana mara nyingi. Mtandao wenyewe haupo tena, lakini milioni 30 zililipwa. Thamani haikuwa ndani ya neno. Ilikuwa kwa mtu mmoja, mwenye fedha, aliyejifunga mwenyewe kwa neno hilo.

Ndiyo maana ile mashine ya mwanao haikusaidii. Inajifunza kutoka kwa mauzo yaliyopita, na mengi ni ya maneno ya Kiingereza. Ukiliingiza neno la Kiswahili inaona herufi sita zinazotamkika. Haijui kwamba neno hilo mama wa Tabora, mwenye duka wa Goma na dereva wa Mombasa wote wanalitumia kila siku. Inaweza kukosea kwa kupunguza au kwa kuzidisha. Dola 3,700 ichukue kama umri wa mtu uliokisiwa kwa kusikia sauti yake kwenye simu.

Neno la Kiswahili lina vipimo vyake, na hapa nitakaa kidogo maana sioni watu wakivisema. Kiswahili kinabadilisha neno mbele. Kikombe kinakuwa vikombe, mlango unakuwa milango. Mwenye domeini ya umoja hana ya wingi, na mteja anayetafuta kwa wingi anaangukia kwa mwingine. Lakini meza ni meza, moja au kumi, na kalamu vilevile. Neno lako likiwa la aina hiyo, umeshika umoja na wingi kwa mpigo mmoja, na mimi ningeliongezea bei kwa hilo pekee. Halafu angalia tahajia. Domeini hukubali herufi, tarakimu na kistari, basi, kwa hiyo ng'ombe inapoteza alama yake na kuwa kitu ambacho nusu ya watu hawajui waandikeje. Maneno yenye dh, th na gh watu huyakosea. Wapo wanaobadilisha r na l, wapo wanaoacha h. Jaribu hivi: mpigie mtu wa Bukoba, mwingine wa Lindi na mwingine wa Kisumu, mtamkie neno, waambie waliandike. Wote watatu wakiandika sawasawa, una kitu.

Angalia pia kama neno lako lina maisha kwingine. Moto kwetu unaunguza, kwa Mwitaliano ni pikipiki. Sana kwetu ni kwa wingi, kwa Mfini ni "neno". Kama lako limebahatika hivyo, mnunuzi anaweza kutoka mahali ambapo hata hawajui Kiswahili kipo. Umri, kwa upande mwingine, usikudanganye. Watu hutaja miaka ishirini na kitu kama vile ni mvinyo. Miaka yenyewe hailipi. Inasaidia kwa jambo moja tu, nalo nitalieleza kwa sababu linaihusu ile kampuni ya Nairobi.

UNESCO husema wasemaji wa Kiswahili ni zaidi ya milioni 200, na kila anayeuza domeini ya Kiswahili hukariri namba hiyo. Wasemaji si wanunuzi. Wanunuzi wako ni wale ambao tayari wanatumia neno lako likiwa na mkia au kilemba: wameongeza app, wameongeza tz, wameweka kistari, au wamekaa kwenye .co.tz na .co.ke. Mwambie kijana wako aache ile mashine, akae jioni mbili atafute hao. Aangalie .co.tz na .co.ke, atafute majina ya kampuni kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, na kwenye usajili wa Kenya, apekue maduka ya programu za simu. Aandike kila mmoja: anauza nini, ana wafanyakazi wangapi, anatangaza wapi. Wakiwa wawili au watatu wenye uwezo, bei yako inapanda. Akiwa mmoja tu, una mnunuzi mmoja, na kampuni changa hubadili jina au hufa.

Sasa Nairobi. Najua kinachokuja kichwani: kuwaandikia kwamba "jina lenu ninalo mimi, toeni fedha". Usifanye hivyo.

Tangu 1999 kuna utaratibu wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya mtandaoni duniani, wa kusuluhisha migogoro ya majina, na mashauri mengi husikilizwa chini ya WIPO, shirika la dunia la miliki bunifu lililoko Geneva. Mlalamikaji anatakiwa kuthibitisha mambo matatu kwa pamoja: kwamba jina linafanana na alama yake ya biashara, kwamba wewe huna haki wala sababu halali ya kuwa nalo, na kwamba lilisajiliwa na linatumika kwa nia mbaya. Akikosa moja, ameshindwa. Hapo ndipo tarehe ya 2003 inapokulinda, kwa kuwa marehemu hakuweza kuivizia kampuni ambayo haikuwepo. Neno la kawaida la kamusi nalo linakulinda, maana hakuna anayemiliki lugha. Chukua jenga. Leslie Scott, aliyekulia Afrika, aliupa mchezo wake wa vibao jina hilo, akauonyesha London mwaka 1983, na leo ni alama ya biashara ya mchezo. Hata hivyo Kenya kuna Jenga nyingine, mfumo wa malipo wa kundi la Equity, na mafundi wetu wanaendelea kujenga bila kumwomba mtu ruhusa. Alama ya biashara hufunga shughuli fulani, haifungi neno zima.

Kinachonitia wasiwasi ni yale matangazo usiyoyaelewa. Kuna anayeliweka jina kwenye huduma ya matangazo ili lilete senti, nadhani ni shemeji. Kama kampuni ya Nairobi inafanya malipo ya simu na ukurasa wako unaonyesha matangazo ya malipo ya simu, umempa wakili wao aya yake ya kwanza. Aya ya pili ni barua yako ya kudai fedha. Yaondoeni. Wekeni ukurasa mtupu, au ukurasa unaohusu kitu chenyewe kwa maana yake ya kamusi, hata historia fupi ya kafe yenu na picha za zile kompyuta sita.

Jambo jingine. Ada ya WIPO kufungua shauri la jina moja mbele ya msuluhishi mmoja ni dola 1,500. Bwana wa Gmail anatoa dola 1,500. Huenda ni bahati tu, lakini mwenye alama ya biashara hupiga hesabu hiyo hasa: kununua au kulalamika, kipi rahisi? Shauri likifunguliwa una siku 20 za kujibu, na taarifa inatumwa kwenye barua pepe iliyoandikwa kwenye usajili, yaani kwa shemeji. Hii ni sababu nyingine ya kutokosana naye. Na usidhani kushinda ni bure. Uzi Nissan, mfanyabiashara wa North Carolina, alisajili nissan.com mwaka 1994 kwa jina la ukoo wake mwenyewe. Kampuni ya magari ikamshtaki 1999. Jina alibaki nalo, lakini kesi ilimla miaka na fedha nyingi.

Kwa hiyo unamjibu Gmail, huiandikii Nairobi. Mwenye kuja kwako amekuja mwenyewe, na hilo lina uzito wake. Jibu fupi: "Asante kwa kuuliza. Jina limekuwa la familia tangu 2003. Halijawekwa sokoni, lakini tunaweza kusikiliza. Kiasi ulichotaja hakifikii. Tafadhali tueleze unanunua kwa niaba ya nani na mnakusudia kulitumiaje." Basi. Usitaje binti, usitaje ada, usitaje mirathi. Ukingoja wiki mbili kabla ya kujibu barua inayofuata, hutapungukiwa kitu. Akinyamaza, alikuwa mbahatishaji anayerusha ndoana kwa majina mia. Akirudi na 4,000, basi ana mtu nyuma yake.

Namba yangu? Sijaliona neno, kwa hiyo haya ni maoni ya mtu aliyefumba jicho moja. Neno la nyumbani, herufi sita, .com, lenye angalau kampuni moja hai inayolitamani: chini ya dola 8,000 nisingefungua mlango, na nikilazimika kutaja mimi kwanza ningeanza na 30,000. Kampuni changa ikisema haina fedha zote, ikubalie kulipa kwa awamu, kwa mfano miezi 24, jina likiwa limeshikiliwa na mtu wa kati mpaka awamu ya mwisho. Wakishindwa katikati, unabaki na jina na ulichokwisha kupokea. Ukiwa na haraka ya ada utauza kwa 3,000 kabla ya Krismasi, na sitakulaumu, ila ujue unauza haraka yako pamoja na neno.

Unaweza pia kuliweka kwenye masoko kama Sedo au Afternic. Hukata kamisheni, mara nyingi asilimia 15 hadi 25, na kwa neno la Kiswahili sina hakika wanakuongezea wateja ambao kijana wako asingewapata. Ningejaribu mwenyewe kwanza.

Siku ya kuuza, fedha zipite kwa mtu wa kati. Escrow.com ndiyo inayotumika sana. Mnunuzi analipa kwao, wao wanakuthibitishia kwamba fedha zimeingia, ndipo unahamisha jina, mnunuzi anathibitisha amelipokea, nao wanakutumia chako. Anwani yao iandike kwa mkono wako, usibofye kiungo alichokutumia mtu, kwani tovuti bandia zinazofanana nao zipo. Namba ya siri ya kuhamishia jina, ambayo msajili atakupa, ndiyo ufunguo wenyewe. Ikitoka kabla ya fedha kuingia kwao, umekwisha. Malipo ya kadi au pochi za mtandaoni usikubali, mnunuzi anaweza kuyarudisha wakati jina limeshaondoka. Mnunuzi akiwa wa hapa nchini mnaweza kutumia akaunti ya wateja ya wakili, na mkataba uwe wa shilingi. Fedha zikitoka nje, benki yako itakuuliza ni za nini, kwa hiyo nenda na mkataba wa mauzo mkononi, na upite TRA kabla hujazigawa.

Kuna kipengele cha muda. Ukibadilisha mwenye usajili kutoka marehemu kwenda kwako, wasajili wengi hulifunga jina siku 60 lisihamie kwa msajili mwingine. Ndiyo maana mirathi inatangulia, mazungumzo ya bei yanafuata. Mnunuzi mwenye nia atangoja siku 60.

Shemeji sasa. Hesabu yangu: miaka 20 na kitu kwa dola 15 hivi ni kama dola 330, na sehemu mlishamrudishia. Hiyo si nusu ya kitu chochote. Lakini nyinyi mlisahau, yeye hakusahau. Angeacha mwaka mmoja tu, labda mwaka ule wa msiba, leo tusingekuwa tunaandikiana. Ningemrudishia alichotumia chote bila kumdai risiti, na juu yake ningempa kumi kwa mia ya mauzo. Mueleze kwa simu, si kwa WhatsApp, na umwambie kabla hujamwambia mwanao. Anza na shukrani. Halafu muandikiane karatasi moja, mbele ya mtu mmoja wa ukoo anayeheshimika pande zote mbili: jina ni la mirathi ya marehemu, shemeji anashika akaunti kwa niaba ya familia, atapata kiasi hiki likiuzwa. Akikataa na kung'ang'ania nusu, na ikaonekana jina liko kwake kwenye usajili, basi nenda kwa wakili kabla ya kumjibu Gmail.

Mama mkwe naye hajakosea sana. Kuna familia hazipendi kuuza, na jina kama hilo linaweza kukodishwa. Muulize anachotaka kibaki ni nini, neno au kumbukumbu ya mwanawe. Mwanao anaweza kumchapishia kurasa za zamani za kafe, maana Internet Archive imekuwa ikihifadhi tovuti za dunia tangu 1996, na yawezekana kabisa ukurasa alioutengeneza marehemu mwaka 2003 bado umo.

Mpigie shemeji Jumapili. Uingereza wako nyuma yetu saa mbili au tatu, usimwamshe.